Kwa Baba Zuhura, Kuhusu Bushi Zako za Mpingo

Baba Zuhura,

Meneja amehamishwa. Usifurahi huko uliko, maana hajafukuzwa, amepandishwa cheo. Anakwenda Dar es Salaam kusimamia vinu vya mpunga vya umma, na jana walimfanyia karamu ya kumuaga kwenye bwalo la kiwanda, wakamchinjia mbuzi. Katika hotuba yake alikutaja. Alisema, "Mimi na marehemu Mkude tulianza na wazo dogo tu." Mimi na marehemu! Nilikuwa nimekaa nyuma karibu na masufuria, nikasukuma pembeni sahani yangu ya pilau. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa sababu mikono yangu ilitaka kupiga kitu.

Ndiyo maana nakuandikia. Najua barua hii haina posta. Lakini kuna mambo siwezi kumwambia mtu mwingine bila kutukana, na wewe ndiye pekee uliyezoea matusi yangu.

Nianze na mazishi. Walikuja wote, mume wangu. Hata wale waliokubatiza "Fundi Vinyago" walipigana vikumbo kushika jeneza. Meneja alisimama uani kwetu na miwani yake myeusi, akasema umeacha pengo lisilozibika. Pengo analijua yeye? Siku ulipozidiwa na ile homa uliyorudi nayo kutoka Kisaki, nilikwenda ofisini kwake, khanga imelowa mvua, kumwomba gari likupeleke hospitali. Akanijibu bila kuinua macho kwamba petroli ni ya shughuli za kiwanda, si ya mambo binafsi. Jioni nililiona gari hilo hilo likishusha kreti za bia nyumbani kwake. Wewe ulikwenda hospitali juu ya baiskeli ya jirani, mimi nimekushika mgongo usianguke, na bado ukawa unamtania jirani kwamba leo amepata abiria mwenye cheo. Sisemi ungepona. Hilo analijua Mungu. Nasema tu kwamba bia zilifika salama.

Basi nikakaa eda. Wakati niko ndani, wakamleta mtu kukalia kiti chako cha ununuzi. Jina lake sitaki kuliandika kwenye karatasi moja na lako. Sisi tunaopima magunia kwenye mizani ya kiwanda tulimwita Bwana Katalogi, kwa sababu hakutembea bila kitabu kikubwa chenye picha za mashine, kinang'aa kama sahani ya harusi. Alipokuja kunipa pole alikiweka mapajani, akakipapasa kama paka.

Wewe nawe hukuwa mtakatifu. Mungu anisamehe, ulikuwa na majivuno. Ulipiga viatu rangi hata siku ya kwenda shambani, na tangu walipokupeleka ile kozi ya Ulaya hukuweza kunywa chai bila kutueleza wenzetu wa kule wanaikorogaje. Lakini jambo moja ulirudi nalo ambalo wengine waliorudi na suti hawakurudi nalo. Ulirudi na woga. Ulinieleza usiniache nilale: kinu kizima kimeegemea shafti moja kubwa, na shafti inazungukia ndani ya bushi, vile vipande vya shaba vya mviringo ambavyo kimoja mtu anaweza kukishika kwa mikono miwili. Bushi ikilika, kinu kinasimama. Na bushi zinatoka kwa mwuzaji mmoja, nchi moja, kwa fedha za kigeni ambazo hazipo. "Mama Zuhura," ulisema, "hii ni nyumba ya mlango mmoja. Moto ukianzia mlangoni, tumekwisha."

Mimi nilikwambia ulale. Lakini nilikuelewa.

Ukaomba fungu la kutafuta wauzaji wa akiba, Meneja akakwambia hakuna fungu. Ukaenda hivyo hivyo bila fungu. Hapo ndipo nilipokupenda upya, nakwambia leo maana sikukwambia ukiwa hai. Uliona pumba za mpunga zinachomwa nyuma ya kinu, ukawapelekea wale wa shamba la magereza Kingolwira kwa ajili ya mifugo yao, nao wakakupa koki mbovu na vipande vya shaba vilivyokuwa vinaoza stoo. Shaba hiyo ukampa Mzee Shomari, fundi wa Mji Mpya anayesubu, yaani kuyeyusha na kumimina, na kukereza vyuma, akusubie bushi, na inayobaki iwe yake. Ukaona lori letu linarudi kutoka Kisaki na mpunga huku nafasi imebaki, ukamwambia Mzee Pazi, mchonga vinu vya kutwangia na michi wa kule, kwamba lori litamsombea mzigo wake wa kuuza Morogoro, naye akuchongee bushi za mpingo. Mpingo! Nakumbuka nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na za kwanza kweli ziliwaka moshi. Mti ulikuwa haujakauka. Kinu kizima kilinuka, vijana wa mashine wakakohoa na kuuliza kama Ndugu Mkude anafukiza majini. Meneja akaja kusimama mlangoni, akasema maneno ambayo yalikuja kuwa wimbo wa kiwanda: "Hatuendeshi mali ya taifa kwa vinyago." Ulirudi nyumbani hukula. Mimi ndiye niliyekwambia tupande Kinole kwa mama yangu, kwa sababu mama alikuwa akichemsha mipini ya majembe kwenye mafuta ya nyonyo isipasuke. Wewe msomi wa Ulaya ulimwamkia mama, ukavua viatu vyako vinavyong'aa, ukakaa kwenye kigoda kukoroga pipa la nyonyo na macho yanakutoka machozi kwa moshi. Mama aliniambia pembeni, "Mume wako ana kelele, lakini anakoroga vizuri."

Zile za pili hazikuwaka. Ulizijaribu kwanza kwenye shafti ndogo ya chekeche, zikazunguka bila kulalamika. Ukaziweka kwenye rafu stoo, pamoja na za Mzee Shomari, ukanionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Sasa sikia walichofanya.

Nilipotoka eda nikarudi mizani, rafu ilikuwa tupu. Nikamwuliza mzee wa stoo, akanieleza. Bwana Katalogi aliuza zile za shaba kama chuma chakavu. Zile za mpingo walipikia chai. Nasema tena ili usidhani nimekosea: walizipasua kwa shoka, wakapikia chai, na yule mama wa chai akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba moto wake ulikuwa mzuri sana kwa sababu ya mafuta. Nilikunywa chai ile? Sijui. Labda niliinywa.

Mzee Shomari alipokuja kuulizia shaba mpya, Bwana Katalogi alimwambia kiwanda hakifanyi kazi na mafundi wa vibatari. Lori la Kisaki likakatazwa kusimama kwa Mzee Pazi. Kingolwira hakuna aliyepeleka pumba, zikarudi kuchomwa. Kila kitu kikaagizwa kwa yule yule mwuzaji wa kwenye katalogi, na Meneja akasafiri kwenda "kufuatilia oda" huko Ulaya, akarudi na redio.

Ukaja msimu wa mavuno. Mpunga ulikuwa mwingi mwaka huu, Baba Zuhura, ungefurahi. Vijiji vya bonde la Mvuha na Kisaki vilileta magunia mpaka yakajaa ghala, yakajaa ua, yakatoka nje ya geti. Mimi napima, napima, mgongo unaniuma. Kisha asubuhi moja nikasikia kinu kinapiga kelele kama mtu anayekata bati kwa kisu, halafu kimya. Kimya kile sijawahi kukisikia. Bushi ya katikati ilikuwa imekwisha, na nyingine haikuwapo. Oda, wakasema, ipo bandarini. Baadaye wakasema haipo bandarini, ipo benki. Kisha wakasema haijaondoka kule kabisa.

Na mvua ya masika mwaka huu ilikawia kuondoka. Ilinyesha juu ya magunia. Turubai zilikuwa chache na zimetoboka. Mpunga ukaanza kuota, kijani kinachungulia kwenye matundu ya magunia kama nywele. Watu walikuwa wamelala pale getini na watoto wao, wanasubiri mchele wao, wanakula mihogo ya kuomba. Mwanamke mmoja wa Mvuha alibeba gunia lake kichwani mpaka mlango wa ofisi, akalimwaga lote sakafuni, lile limeota, linanuka. Akasema, "Ndugu Meneja, huu ndio ujamaa wako. Kula." Akaondoka. Bwana Katalogi akaita mfagiaji.

Siku iliyofuata Meneja alikuja nyumbani kwetu. Alikaa kwenye benchi letu, kofia mkononi, akaniita shemeji. Shemeji! Tangu lini? Nilimtazama nikaona kitu ambacho wewe labda ulikijua zamani ukakinyamazia: hakuwa mjinga. Nilikuwa nimezoea kumdhania mjinga, na ujinga ningeweza kuuhurumia. Alijua tangu mwanzo kwamba bushi zako zinafanya kazi. Alizikataa kwa sababu bushi ya mpingo haina safari wala hoteli. Akasema, "Marehemu alikuwa na watu wake. Wananikataa. Wewe wanakujua."

Alikuwa ameshapeleka dereva kwa Mzee Shomari, na mzee alimjibu kwamba hana kazi na kinu.

Ningeweza kumfukuza, na Mungu anajua nilivyotamani. Lakini niliwaza wale watu wa getini. Yule mama wa Mvuha alikuwa ameshamwaga gunia lake. Wengine walikuwa bado na magunia yao. Nikamwambia, "Nitakwenda. Ila tukirudi, yule mtu wako wa picha aondoke kwenye kiti cha mume wangu, nikae mimi." Akasema ndiyo, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Tukaanza kwa Mzee Shomari. Meneja akaingia karakana na sauti yake ya mikutano: "Habari za kazi, Mzee?" Mzee Shomari akaendelea kupiga tupa. Meneja akarudia. Tupa ikaendelea. Nikamnong'oneza, akanitazama kwa hasira, kisha akainamisha kichwa: "Shikamoo, Mzee." Tupa ikasimama. "Marahaba, mwanangu. Ulikuwa umepotelea wapi?" Nilikuwa sijacheka tangu ulipokufa. Nilitoka nje nikachekea khanga.

Lakini shaba hakuwa nayo. Yetu tulikuwa tumeiuza. Akasema atakereza akiletewa, ila kwa sasa njia ni mpingo. Tukapanda lori kwenda Kisaki, Meneja amebanwa katikati ya dereva na mimi, suruali yake nyeupe imekuwa rangi ya udongo.

Hapa naandika polepole.

Mzee Pazi alikuwa kibarazani anachonga mchi. Aliposikia lori akainuka, uso wake ukafunguka kama mlango, akawa anatazama nyuma yangu, anakutafuta. "Mama Zuhura, karibu. Huyu bwana yuko wapi? Alisema mvua ikikatika atakuja kuchukua bushi nyingine. Nimekaa nazo mpaka nimedhani amenikasirikia."

Hakuna aliyemwambia, Baba Zuhura. Lori lilipita mbele ya nyumba yake msimu mzima bila kusimama, na hakuna hata utingo mmoja aliyetoa kichwa dirishani kusema Mkude amekufa. Nilimwambia mimi. Nilimwambia nimesimama juani, na nilipomaliza alikaa chini kwenye vumbi la mpingo, akauliza ulizikwa wapi, na kama ulisumbuka sana. Nikamwambia hukusumbuka. Ulisumbuka, lakini nilimwambia hivyo. Akaingia ndani, akatoa bushi kwenye kikapu, zimekauka, nyeusi, laini kama ngozi. Meneja akanyoosha mkono kupokea. Mzee Pazi akampita, akaniwekea mimi kikapu mikononi. "Hizi ni za Mkude," akasema. "Huyu simjui."

Kutoka pale mpaka Morogoro nililia, na sikujali nani ananiona. Lakini si kwa huzuni tu. Nilikukasirikia. Sasa nakwambia, na uniruhusu, maana nimewatukana wote na wewe sitakuruka. Ulitafutia kila kitu cha kinu kile mtu wa akiba. Shaba ikikosekana, mti. Mwuzaji wa mbali akishindwa, Mzee Shomari. Ila wewe mwenyewe hukujitafutia wa akiba. Njia zote zilipita kwako. Uliwajua wote, hukumpeleka mtu mwingine hata mmoja akawaamkie. Uliona sifa, kila mtu lazima aseme "muulizeni Mkude." Ukafa, na milango yako mitatu ikafungwa siku moja. Nisingekuwa mke wako, nisingekuwa nimebeba chai mbele ya wageni wako, Kisaki nisingeijua. Mjuaji wewe. Mjuaji wangu.

Tukapanda Kinole. Mama akawasha moto chini ya pipa. Meneja akauliza itachukua muda gani, kwani mkoani wanasubiri taarifa. Mama akamjibu, "Nyonyo haijui mkoa," akampa mwiko. Akakoroga. Vibaya.

Kinu kikazunguka. Nilisimama na vijana wa mashine, sote tumekaza macho kwenye shafti tunangoja moshi, na moshi haukuja. Nje watu wakaanza kupiga vigelegele. Si mpunga wote uliookoka. Ulioota uliota, na waliopoteza wamepoteza. Yule mama wa Mvuha hakurudi. Nimemuulizia kwa kila lori.

Wakaja wageni wa mkoa. Meneja akasimama mbele yao, bushi ya mpingo mkononi, akaiinua juu kama kombe la mpira. Akahubiri kujitegemea. Akasema kiwanda hakikungoja mabepari, kilitumia mti wa Tanzania na akili ya Tanzania. Wakamshangilia, na kwa hiyo sasa ni mkubwa. Ndivyo watu wanavyopanda, kumbe. Mimi nilikuwa mizani.

Kwa sababu na ahadi yake aliila, bila shaka. Nilipomkumbusha kiti chako alisema, "Tutaangalia, mama." Akamtuma Bwana Katalogi kwa Mzee Shomari na shaba, mzee akamwambia aiache hapo na aende zake, atakayekuja kuchukua bushi ni Mama Zuhura. Akamtuma Kisaki, Mzee Pazi akasema mpingo umekwisha msituni. Umekwisha msituni! Alisema hivyo huku amekalia gogo. Hawakushauriana wale wazee, hawajawahi hata kuonana. Basi wakanipa kiti. Bwana Katalogi amekwenda na kitabu chake kwenye kiwanda kingine, na ninawaombea wenyeji wa huko.

Kiti chako kinalia, na meza ina alama ya vikombe vyako vyote. Nimepeleka pumba Kingolwira. Mzee Shomari anakohoa siku hizi, kwa hiyo nimepanda mpaka karakana ya misheni kule juu milimani. Yupo Bruda mmoja pale anayesubu vizuri, ana kiburi kama chako, mtapatana mbele ya haki. Na kila ninapokwenda namchukua Tausi, tuliyekuwa naye mizani. Nakaa nyuma, yeye ndiye anayeamkia, yeye anapokea kikapu. Mara ya kwanza Mzee Pazi alinuna. Mara ya pili akamwita mwanangu.

Zuhura hajambo. Amerefuka, anabishana kama wewe, na amekataa kuwaamkia watu wa ofisini. Nimemwambia adabu ni adabu, awaamkie, kisha apite.

Nalala sasa, Baba Zuhura, nawe lala. Mungu akupe pahali pa baridi. Usiniombe niwasamehe, hilo siwezi kukuahidi, wala silitaki. Ninaloweza kukuahidi ni hili: siku nikifa mimi, watanilia au hawatanilia, lakini kinu hakitasimama hata kwa muda wa kunizika.

Mkeo,
Mama Zuhura